Kompyuta ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ina dalili za virusi: Defender, Kaspersky ya flashi, au nipige Windows upya?

Korosho_TD: Wakuu, niko Tandahimba. Kompyuta ya chama imekuwa nzito, na flashi ikichomekwa folda zote zinageuka shotikati. Nataka kumaliza leo. Ipi ya uhakika kati ya hizo tatu?

FundiLigula: Nusu ya habari umeiacha nyumbani, mkuu. Windows ipi? Diski ina BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski nzima? Mafaili ya wakulima yana nakala? Kwa sasa zima waifai, na usifungue benki wala barua pepe humo.

Korosho_TD: Windows 10. Nakala ipo kwenye flashi.

Dada_Shangani: Flashi hiyohiyo yenye shotikati? 😀

FundiLigula: Anza na Defender, kinga ya virusi iliyomo tayari kwenye Windows. Kwenye kompyuta safi shusha mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft, uilete na flashi nyingine. Hayo ndiyo masasisho yake bila mtandao. Kisha Windows Security, Scan options, chagua Offline scan. Mashine itajizima na kuwaka, kama dakika 15. Majibu yapo Protection history.

Mwera_Nachingwea: Napinga. Hiyo bado inategemea vitu vilivyomo kwenye diski ileile inayoshukiwa. Kaspersky Rescue Disk inawasha kompyuta kwa Linux yake yenyewe (mfumo mwingine badala ya Windows), virusi havipati nafasi ya kuamka. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus kwenye kompyuta safi, halafu wakati wa kuwasha ubonyeze F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP uchague flashi.

FundiLigula: Na hapo ndipo watu wanapoumia. Windows huwa haizimi kabisa, inalala nusu kwa sababu ya fast startup. Linux ikikuta diski imelala inasoma tu, haifuti kitu, nawe unadhani umesafisha. Zima huku umeshikilia Shift. Kubwa zaidi, ukigusa Secure Boot (ulinzi wa kuwasha kompyuta) wakati BitLocker imewashwa, inadai namba yake ya siri ya tarakimu 48. Huna? Mafaili ndiyo basi. Itoe namba kwanza, uiandike karatasini.

Mwera_Nachingwea: Hilo nakubali. Hoja yangu iko palepale.

Dada_Shangani: Ndugu, folda hazijafutika, zimefichwa. Usibofye shotikati, ndiyo inayowasha kirusi. Safisha kompyuta kwanza, ndipo uandike kwenye cmd (dirisha la amri la Windows): attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako). Ukianza na flashi itaambukizwa tena palepale. Nakili nyaraka tu; mafaili yanayoishia na .lnk, .vbs na .exe yaache.

Mwera_Nachingwea: Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi ningepiga 11.

FundiLigula: Ina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11? Au ndiyo zile kraki (Windows za wizi) za steshenari, unaambiwa "zima Defender kwanza"? Virusi vingi vinaingilia hapohapo.

Dada_Shangani: Steshenari zimeingiaje? Hata flashi ya bwana shamba inaleta.

Korosho_TD: Sawa wakuu. Nikipiga upya, printa ya risiti itaendelea kusoma?

FundiLigula: Printa gani? Na BitLocker hujajibu.