Boti ya faiba imetoboka chini ya mstari wa maji, nataka kuiziba mwenyewe, nianzie wapi?

kilwa_pwani

Wakuu habari za saa hizi. Niko Kilwa Masoko, nina boti ya faiba ya mita 7 hivi, naivulia na mara mojamoja napeleka wageni Songo Mnara. Juzi kusi limevuma usiku kamba ya nanga ikakatika, boti ikasukumwa mpaka kwenye miamba ikapigwapigwa pale mpaka maji yakapwa. Sasa ina tundu upande wa kulia karibu na omo (mbele ya boti), chini ya mstari wa maji, ngumi inapita, na kuzunguka hilo tundu nyufa zimetambaa kama nyavu. Nikigonga pembeni panalia tofauti na sehemu nzima.

Fundi mmoja bei aliyonitajia kwa sasa siiwezi, mwingine anasema tupige bodi fila ya magari alaf juu tufunge bati la aluminiamu na riveti, yani jioni hiyohiyo niko baharini. Moyo umekataa manake hii boti inabeba watu. Mbao naijua, nimekulia kwenye majahazi na kalafati naiweza, ila faiba sijawahi kuishika. Naomba mnielekeze kama mtu anayeanza sifuri, resini gani, vifaa gani, nianze na nini nimalizie na nini. Halafu jambo lingine, ndani kuna sakafu imefungwa moja kwa moja na chini yake wamejaza povu, kwa hiyo kwa ndani sifiki.

fundi_kigamboni

Pole sana mkuu, na hilo bati umefanya vema kulikataa. Bodi fila ya magari imejaa unga wa talki, inanyonya maji, chini ya mstari wa maji haikai, na kila riveti ni tundu jipya unaongeza. Maji yanapenya katikati ya matabaka ya faiba, boti ikipiga mawimbi pale panachezacheza, mwisho wake unapoteza kipande kikubwa kuliko ulichonacho leo.

Kitu nataka ukielewe kwanza, ukikielewa hiki mengine yote yatakuja yenyewe. Kwenye mbao unabadilisha ubao mzima unapigilia misumari kwenye taruma, yani mbavu za chombo, faiba haina misumari, kiraka kipya kinashika kwenye faiba ya zamani kwa gundi tu, yani hiyo resini, kwa hiyo nguvu yake yote iko kwenye UPANA wa sehemu vinaposhikana. Ndo maana hatuzibi tundu kama kizibo. Tunasaga kingo zake kwa mteremko mrefu. Kipimo ni mara 12 ya unene, yani kama ubavu wa boti hapo una milimita 6 basi mteremko unaanzia ukingo wa tundu unapanda taratibu mpaka sentimita 7 hivi kutoka kwenye tundu, kuzunguka kote. Utaona unaharibu eneo kubwa na moyo utauma, wewe saga tu.

Kabla ya kusaga gonga na sarafu kuanzia mbali ukija kwenye tundu. Panapolia kwa ukali pazima, panapolia dufu matabaka yameachana, weka alama na penseli. Kote kwenye alama kata utoe. Usionee huruma faiba iliyogeuka nyeupe nyeupe, hiyo imeshakufa. Kata umbo la yai au duara, usiache kona kali manake nyufa zinaanzia kwenye kona.

Alaf kukausha. Hapa ndo watu wengi wanafanya haraka. Osha na maji baridi ya bomba mara kadhaa utoe chumvi, acha ikae kivulini penye upepo siku za kutosha sio masaa, kisha bandika nailoni juu ya sehemu hiyo kwa tepu pande zote iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande kwa ndani ya nailoni, bado, subiri. Resini ikiwekwa juu ya unyevu haishiki, na kwa macho huwezi kujua mpaka siku inabanduka.

Kusaga tumia grainda na diski ya msasa namba 36 au 40, asetoni futa KABLA ya kusaga na baada ya kusaga futa vumbi kwa brashi safi, usije ukasambaza mafuta ndani ya mikwaruzo. Vaa miwani, mikono mirefu, barakoa ya vumbi nzuri. Lile vumbi linawasha vibaya na mapafu hayalipendi. Wakati wa resini badilisha, vaa maski yenye filta za kemikali na glavu.

Resini ya poliesta ndo rahisi kuipata na ya bei ya chini, na karibu boti zote hizi zimejengwa nayo. Mati, yani mkeka wa nyuzi fupi za kioo, nunua ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka moja likilowa vizuri linakupa kama milimita 1, kwa hiyo milimita 6 ni matabaka sita hivi, ukichanganya katikati na kitambaa kilichofumwa ndo nguvu zaidi. Resini inayotakiwa kwenye mati ni mara mbili mpaka mbili na nusu ya uzito wa mati yenyewe. Kiraka chako kikifika sentimita 30 kwa 35, mati ya tabaka moja ni gramu 47 tu, resini yake gramu 100 na kitu. Kazi yote haifiki kilo moja, nunua kilo mbili kwa ajili ya kumwagika na kujaribia.

Hadina yake, yani dawa ya kuigandisha, inaitwa MEKP, pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikadirie kwa kizibo. Kwa joto letu asilimia 1, kwenye kilo moja ni kama mililita 10. Usizidishe ukidhani itakuwa ngumu zaidi, itachemka na kupasuka, na chini ya hapo usishuke, inaweza isikauke kabisa mpaka ndani. Changanya kidogo kidogo, una dakika 10 mpaka 15 kabla haijaanza kuganda. Fanya asubuhi au jioni kivulini, na usipige zaidi ya matabaka matatu au manne kwa mkupuo manake inajitengenezea joto.

Na hili shika sana. Muulize muuzaji kama resini imeshatiwa kobalti, yani dawa ya kuharakisha kuganda. Kama haijatiwa na akakupa chupa mbili, kobalti na MEKP HAZIKUTANI zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinalipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza inakorogwa mpaka iishe, ndo baadaye MEKP. Na MEKP ikikuingia jichoni inaweza kukupofusha, weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa.

mtwapa_bandani

Salaam ndugu yangu wa Kilwa, sisi huku Mtwapa boti za faiba ndo mkate wetu. Fundi hapo juu kasema kweli tupu kwenye kusaga na kukausha, mimi natofautiana naye kwenye resini tu. Chini ya maji na kwa mtu anayeanza, mimi ningeenda na epoksi. Ni ghali ndio, lakini kazi yako ni ndogo, hutanunua nyingi, na kushika kwenye faiba ya zamani epoksi inaishinda poliesta mbali sana. Poliesta mpya juu ya poliesta iliyokauka miaka mingi haiyeyukiani nayo, inashikilia mikwaruzo tu.

Lakini ukichagua epoksi kuna mambo matatu. Usitumie ile mati ya nyuzi fupi, nyuzi zake zimeshikanishwa na gundi inayoyeyushwa na stairini iliyo kwenye poliesta, epoksi haina stairini kwa hiyo mati inabaki ngumu haikai vizuri kwenye umbo. Tafuta kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa. Pili, hadina ya epoksi haipunguzwi wala kuongezwa ili ikauke haraka, kama kopo limeandikwa 2 kwa 1 ni 2 kwa 1, kama 5 kwa 1 ni hivohivo, pima kwa mizani au kwa vikombe vya alama kama walivyoandika. Tatu, ikishakauka inatoa kitu kama nta juu, utelezi fulani, osha kwa maji na sponji ngumu kabla ya kupiga msasa na tabaka linalofuata. Na jelkoti ya kawaida, lile tabaka la nje linalong'aa la boti ya faiba, usiiweke juu ya epoksi, haishiki vizuri, piga praima ya epoksi na rangi ya poliyurethani ya makopo mawili.

Kuhusu mpangilio wa matabaka utasikia mafundi wakibishana, kipande kikubwa kwanza au kidogo kwanza. Mimi naanza na kikubwa, manake kile cha kwanza ndo kinashika eneo lote la mteremko, na ukija kulainisha juu na msasa hukikati.

ziwa_mwanza

Mi niko Mwanza, maji yetu hayana chumvi ila shida ni ileile. Mkuu hilo povu chini ya sakafu usilipuuze kabisa! Tundu limekaa majini, povu limekunywa maji. Hata ukiziba kwa nje vizuri sana, maji yaliyofungiwa ndani yataendelea kuloanisha faiba kwa upande wa pili na kiraka chako hakitakauka, pia boti itakuwa nzito na utaona mashine inahangaika. Ingiza mkono kwenye tundu chimba povu lote lililolowa, kama limeenda mbali kata dirisha kwenye sakafu juu yake. Kukata sakafu sio dhambi, unairudisha kwa plaiwudi na tabaka mbili za faiba.

kilwa_pwani

Aisee nawashukuru sana, nimeandika yote kwenye daftari. Nimechimba povu leo, kweli limejaa maji, ukilikamua yanatoka. Nitakata sakafu. Lakini karibu na omo hata nikikata dirisha mkono haufiki vizuri, sasa tabaka la kwanza nitalishikizia wapi kama nyuma ni wazi? Na boti imelala kwa mkuku, nitakuwa napaka kwa chini resini inanidondokea.

fundi_kigamboni

Swali zuri. Tengeneza bamba la nyuma. Chukua ubao laini ufunike na nailoni, piga juu yake matabaka mawili ya mati, ikikauka bandua, utapata bamba jembamba linalopinda. Likate kubwa kuliko tundu kwa sentimita 3 kila upande, saga uso utakaotazama nje na kingo za tundu kwa ndani. Toboa katikati matundu mawili pitisha waya. Kwa kuwa tundu umelikata umbo la yai, bamba linapita ukilipinda kwa ule upande mrefu. Kabla ya kulipitisha paka kingo zake resini iliyokorogwa na unga wa silika mpaka iwe nzito kama uji mzito, livute na waya kwa nje, funga waya kwenye kijiti kilicholala juu ya tundu. Ikishika kata waya, saga, sasa una ukuta wa kujengea.

Kudondoka, bora muiinue boti muilaze ubavu. Wakati wa maji kupwa kusanya vijana, toeni mashine na tangi la mafuta kwanza, ilazeni juu ya matairi ya zamani tundu litazame juu, ila iwe juu kabisa ya mstari wa bamvua, pale maji makubwa yanapofika, manake kazi itakaa siku kadhaa. Ukishindwa kuilaza basi loanisha kila kipande juu ya plaiwudi yenye nailoni, kibebe kikiwa kimelowa ukibandike, alaf pitisha rola ya chuma yenye mifereji kutoka katikati kwenda nje mpaka mapovu yote meupe yatoke. Hewa ikibaki ndani maji yatapita hapo.

Kwa epoksi aliyosema ndugu wa Mtwapa sibishi, mfuko ukiruhusu nenda nayo.

mtwapa_bandani

Nyongeza moja tu. Resini inayobaki kwenye kopo usiifunike wala usiiache ndani ya boti, iko nyingi pamoja inapata moto mpaka inatoa moshi. Imwage kwenye sinia pana au bati nje. Na baada ya rangi, ipe wiki nzima kabla ya kuishusha majini, kisha siku ya kwanza iache ifungwe ufukweni na dirisha la sakafu likiwa wazi, uangalie kwa tochi kama kuna maji yanayoingia ndipo urudishe povu kavu na kuifunga.

kilwa_pwani

Sawa kabisa. Keshokutwa kuna mtu anakuja kutoka Dar, nimemwagiza epoksi na kitambaa kilichofumwa, grainda nimeazima. Sakafu nitaiacha wazi kama mlivyosema, nikifika kwenye bamba la nyuma nitaweka picha hapa mnikague kabla sijaanza kupiga matabaka ya nje.