Nataka kuonyesha sinema bubu kama zilivyokuwa enzi zake, nakosea wapi?

mpenda_kale: Habari wakuu. Kuna kikundi chetu kama watu 30 hivi, mwezi uliopita nikajitosa kuwaonyesha sinema bubu ya miaka ya 1910, nimeishusha mtandaoni, nikafunga projekta, nikazima taa. Aibu tupu. Watu kwenye picha wanatembea kama kuku anayekimbizwa, ukumbi kimya, mtu akikohoa tunasikia wote, dakika ya 20 nusu yao wako kwenye simu. Na nilishaweka hadi programu ya kuongeza mikwaruzo ili ionekane ya kale!! Nataka nirudie ila safari hii mtu ajisikie yuko enzi zile kweli. Nifanyeje?

rila_futi_elfu: mkuu kwanza toa hiyo mikwaruzo. Watu wa 1910 wakienda kuona filamu mpya kopi ilikuwa mpya, picha safi kabisa, hiyo mikwaruzo ni ya uzeeni, ni kama unaigiza ujana wa babu afu unampa mkongojo.

La pili spidi, hapa ndo umeumia. Kamera zilizungushwa kwa mkono, ile mashine ya akina Lumière, wale ndugu Wafaransa wa mwanzo wa sinema, ilikuwa mizunguko miwili kwa sekunde, kila mzunguko picha 8, yani 16 kwa sekunde. Hii 24 tuliyozoea imekuja na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, sasa ukichezesha kwa 24 kitu kilichopigwa kwa 16 lazima kikimbie mara moja na nusu. Rila (mkanda wa filamu uliozungushwa) la futi 1000, upana milimita 35, lililotakiwa kwenda dakika 16 na zaidi linaisha kwa 11. Lakini usiishike 16 kama msahafu, wapiga picha hawakuwa saa, wengine walizungusha haraka zaidi, we tazama mtu anayetembea na upunguze mpaka mguu wake utue chini kwa uzito. Za vichekesho tu ndo uziache zikimbie kidogo, wale walikuwa wanazungusha kamera polepole makusudi.

kinanda_kibovu: Bubu ni filamu, ukumbi haukuwa bubu jamani. Tafuta mtu apige kinanda palepale, sio muziki wa kurekodi. Mi nimeshapiga mara tatu, mara ya kwanza taa yangu ya kusomea noti ikamwaga mwanga kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, dada wa watu kwenye picha akawa na doa jeupe shavuni mwanzo mwisho. Sa hivi naifunika kwa kipande cha boksi la viatu. Kosa jingine nilikuwa nimezama kwenye noti sitazami juu, kule binti ameshaolewa mi bado nazika 😂 ukumbi ulicheka vibaya. Tangu siku hiyo natazama kitambaa, vidole vinajitafutia vyenyewe.

msimulizi: Naongezea, Japani walikuwa na benshi, anasimama pembeni anasimulia na kuigiza sauti za wote, baadhi yao watu walinunua tiketi kwa jina lao kuliko la mwigizaji, na kule bubu zilidumu mpaka ndani ya miaka ya 1930. Kwa hiyo mpe mtu mwenye sauti asome yale maandishi yanayotokea katikati ya picha kwa Kiswahili.

kinanda_kibovu: @msimulizi asome maandishi sawa, akianza kueleza kila kitu ananiua mimi na picha yenyewe.

rila_futi_elfu: Nlisahau rangi. Ukiona picha ya usiku ni ya bluu au ya moto ni nyekundu usiisafishe ukadhani imeharibika, walichovya filamu kwenye rangi. Na mtu akikupa rila halisi la nitrati (ile filamu ya kale inayowaka kirahisi) usithubutu kulichezesha, ile ikishika moto hata maji hayaizimi, inajitengenezea oksijeni yake.

mpenda_kale: Asanteni sana wakuu. Jana usiku nimeirudia peke yangu kwa 18 maana 16 ilikuwa inalegea. Kuna sehemu mama anafungua barua, siku ile tuliiona kama anaparura tu tukacheka. Kumbe mikono inamtetemeka. Nikairudisha mara nne. Mpiga kinanda nimempata, shida yake anadai apewe noti 😅