Mbwa wa ulinzi afunzwe kwa fimbo au kwa subira? Tujadili

Wadau, wiki iliyopita mtoto wa jirani alipita mbele ya geti letu akiwa na andazi mkononi. Geti lilikuwa wazi. Simba, mbwa wetu, akainuka. Nikamwambia, "Subiri." Akakaa chini, masikio wima, mate yakimdondoka, mpaka mtoto akakata kona.

Mzee mmoja wa mtaani alikuwa ananitazama. Akasema, "Mwanangu, mbwa huyo umemharibu. Mbwa wa ulinzi hulala na njaa, hushinda kwenye mnyororo, na huchapwa ajue bwana wake ni nani. Ukimbembeleza, mwizi atamhonga mfupa."

Hoja hiyo nimeisikia tangu utotoni, na mzee wangu namheshimu, lakini naipinga.

Tuanze na huo mfupa. Mbwa aliyelazwa na njaa ndiye atakayeudaka, na wezi wa siku hizi huutia sumu. Simba hagusi chakula mpaka asikie neno. Nilianza na sahani ya ugali na dagaa: nikiishusha akairukia, naipandisha, kimya, bila kufoka. Akitulia, inashuka. Siku ya kwanza ilipanda na kushuka mpaka mkono ukaniuma. Siku ya nne akakaa mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Tukahamia getini: akikaa, geti linafunguliwa, akiinuka, linafungwa.

Kazi ngumu ilikuwa kwa binadamu. Mama alisema "kaa", dada wa kazi "tulia wewe", mlinzi anapiga mluzi. Mbwa atamsikiliza nani? Tulipokubaliana neno moja, nusu ya ukorofi wake ikaisha.

Sasa fimbo. Mbwa kaua kuku, unamwita, anakuja, unamchapa. Wewe unadhani umemwadhibu kwa ajili ya kuku. Yeye amejifunza kwamba akiitwa asije, na kwamba mkono wa mtu unauma. Siku geti likisahauliwa wazi, mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mwanafunzi. Na huku kwetu kung'atwa si kidonda tu: dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Wanaosema upole ni mambo ya Wazungu waende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo wa "klik" na kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ikiwa panya anafundishika hivyo, mbwa atashindwaje?

Kwa majirani zangu Waislamu wanaojihadhari na mate ya mbwa: mafunzo haya hayahitaji kumshika. Na mnajua kuliko mimi kwamba mbwa wa kuwinda huhesabiwa amefunzwa pale anapokamata windo akalishikilia kwa ajili ya bwana wake bila kulila. Kujizuia ndiyo alama yenyewe ya mafunzo.

Nakiri njia hii inataka muda, na anayerudi kazini saa mbili usiku amechoka ana haki ya kulalamika. Wala sisemi sahani itamponya mbwa ambaye tayari anang'ata watu. Huyo apelekwe kwa mtaalamu.

Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na inakataza ukatili. Mimi naona halmashauri zingetumia siku za chanjo ya mbwa kuwafundisha wenye mbwa haya mambo ya sahani na geti, maana siku hiyo ndiyo wote hukusanyika na mbwa wao.

Nyinyi mnaotumia fimbo, nijibuni hili kwa ukweli: geti likiwa wazi na mtoto anapita, mbwa wako anasimama ukimwambia asimame?