Naombeni ushauri: FRAP au ABTS kwa damu ya waendesha boda?

Kijana_Mbale: Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa mwisho, napima uwezo wa antioksidanti (kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe) katika damu ya waendesha boda, maana wanashinda moshini. Vipimo vya uwezo huo ni viwili, FRAP na ABTS: kemikali za FRAP ninazo, msimamizi anataka ABTS. Nishike ipi? Usingizi hauji.

Mama Nakato: Mwanangu, hao wape kwanza mboga za nakati na mapapai. Mume wangu aliendesha boda Jinja, kikohozi kilimwacha tulipohamia kijijini.

Mzee_Plazma: FRAP ya Benzie na Strain, 1996, ni nyepesi: chuma cha feriki kinageuka ferasi, buluu inatokea, unasoma kwa mwanga wa nanomita 593. Ila kwenye plazma (maji ya damu bila chembe) karibu asilimia 60 ya jibu ni asidi ya uriki, taka ya mwili, na glutathioni, antioksidanti nyingine, haionekani. Damu uliitia chupa gani?

Kijana_Mbale: Chupa za kawaida.

Mzee_Plazma: Kifuniko rangi gani?

Kijana_Mbale: Zambarau. Ndizo zilizokuwepo, na watu walishapanga foleni. Plazma ni safi, ya manjano, haina wekundu. Nikitoa damu upya narudi kamati ya maadili, na mahafali hayangoji.

Mzee_Plazma: Zambarau ni EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, mzee. EDTA hukamata chuma, na FRAP inaishi kwa chuma hichohicho. Ilifaa kijani, yaani heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, au seramu, maji ya damu iliyoachwa igande.

Opiyo_Tororo: Mimi umeme ulikatika usiku, nikabeba sampuli hadi kwenye jenereta ya harusi ya jirani. Bwana harusi hakuelewa kitu.

Afande_Mstaafu: Hadithi ya kutunga hii. Mwendesha boda aache abiria akupe damu?

Kijana_Mbale: Afande, walifidiwa muda na wakatia saini; asiyeandika aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Mmoja alivaa jaketi mbele nyuma, zipu mgongoni, ikabidi tumvue ndipo tupate mshipa.

Afande_Mstaafu: Hilo la jaketi limenitosha. Endelea.

Mzee_Plazma: Basi mwambie mwenzako akutoe damu, zambarau na kijani kwa mkupuo mmoja, upime FRAP zote mbili siku hiyohiyo. Zikipishana, FRAP iweke kando. ABTS nayo ijaribu hivyohivyo. Na asidi ya uriki ipime peke yake: figo zikishindwa hupanda, mgonjwa akaonekana ana kinga kuliko mzima.

Kijana_Mbale: Za kijani nitaazima. Ila zikipishana kidogo tu, si naendelea na FRAP?

Mzee_Plazma: Kidogo ni kiasi gani? Kiandike leo, kabla hujapima, umkabidhi msimamizi.