MREJESHO: Mguu wa baba mdogo uliogeuka zambarau

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu baba mdogo wa Kongwa, mgonjwa wa kisukari: alichomwa na mwiba, mguu ukavimba, maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, kisha malengelenge na ngozi ya zambarau. Mlioniambia "msisubiri kuche" mmemwokoa.

Tulimfikisha hospitali ya rufaa Dodoma mjini usiku uleule. Eksirei haikuonyesha gesi ya bakteria chini ya ngozi, lakini daktari alisema hilo haliondoi uwezekano wa ugonjwa huu (necrotizing fasciitis, yaani maambukizi ya bakteria yanayoua nyama chini ya ngozi kwa kasi), akampeleka chumba cha upasuaji bila kungoja majibu yote ya maabara. Nyama iliyokufa haipitishi damu, kwa hiyo dawa ya mshipani haiifikii; lazima ikatwe. Alianzishiwa antibiotiki mbili, meropenemu na klindamaisini, hii ya pili ikizuia bakteria kutengeneza sumu. Kesho yake wakamrudisha kukagua na kukata tena. Tuliogopa mno, kumbe ndio utaratibu wenyewe!

Mguu umebaki, vidole viwili vimeondolewa. Sukari imetulia, sasa anasubiri kupandikizwa ngozi. Aliyewahi kuuguza mtu baada ya hatua hiyo, naomba anieleze nyumbani tujiandae vipi.