Ushauri: pleya ya santuri inavuma nikiongeza sauti (ghorofani, Kariakoo)

MwanaIlala: Wakuu, habari za jioni. Nimerithi santuri za marehemu baba, nyingi ni za Morogoro Jazz na Marijani Rajab, nikanunua pleya ya mtumba ili nizisikilize. Pleya, amplifaya na spika viko juu ya kabati moja la TV, sabufa imeegemea kabati hilohilo. Sauti ikiwa ndogo, safi kabisa. Nikipandisha tu, unaanza mvumo mzito unaozidi wenyewe mpaka nipunguze. Nikipiga CD kwa amplifaya hiyohiyo, hakuna shida. Dukani wamenishauri ninunue miguu ya chuma yenye ncha kwa kila kifaa, na bei yake inakaribia ya pleya yenyewe. Nianzie wapi?

FundiWaya: Mkuu, hela yako iache mfukoni kwanza. Kama CD haivumi, amplifaya ni nzima. Sindano inasoma mtikisiko wowote unaoifikia, uwe wa mfereji wa santuri au wa ubao wa kabati. Spika inatikisa kabati, kabati linatikisa sindano, amplifaya inakuza, spika inatikisa zaidi. Mvumo wako unatoka hapo.

Pima hivi: mota ikiwa imezimwa, laza sindano juu ya santuri iliyosimama (siyo ya mzee, tafuta isiyo na thamani), pandisha sauti taratibu, halafu gonga kabati kwa kidole. Ukisikia "du" kwenye spika, shusha spika na sabufa, zikae mbali na kabati.

BintiTemeke: Na hiyo miguu ya ncha haizuii mtikisiko, inashikamanisha tu kifaa na kilichopo chini yake. Marumaru nayo itachorwa.

Kinachozuia ni kitu laini kinachobonyea. Springi iliyobonyea milimita 25 kwa uzito wa pleya hucheza kama mara 3 kwa sekunde, na huanza kuzuia mitikisiko yenye kasi inayozidi hiyo mara 1.4 hivi. Ikibonyea milimita 2.5 tu, inacheza mara 10 kwa sekunde, na mkono wa sindano nao kwa kawaida huchezea kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde, kwa hiyo vitachocheana, umejitafutia balaa. Mpira mgumu usiobonyea ni pambo.

Mimi natumia tyubu ya baiskeli yenye upepo kidogo, juu yake kipande cha granaiti, mabaki ya mafundi wa kaunta za jikoni. Granaiti isiguse kabati popote. Sawazisha kwa pimamaji.

Babu wa Besi: Kijana, ushauri mwingi utakaousoma ni wa nyumba zenye sakafu ya mbao, ambako mtu akipita sindano inaruka. Wewe uko juu ya zege, hilo lisikusumbue sana. Mfikirie jirani wa chini. Ukiweka mpira chini ya sabufa utapunguza kinachopita sakafuni, lakini besi ya hewani itamfikia tu. Usiku punguza.

MwanaIlala: Shikamoo babu, na asanteni wote. Nimegonga kabati, "du" imetoka kubwa mno! Nimeshusha spika kwenye stuli, sabufa nimeihamishia kona ya pili, sasa napandisha hadi nusu bila mvumo. Tyubu naitafuta Jumamosi. Je, kifuniko cha plastiki nikiache wakati muziki unapiga?

FundiWaya: Jaribu kukitoa kabisa. Kinapokea sauti ya hewani na kuipeleka kwenye pleya. Ila kwa vumbi la Kariakoo, ukimaliza tu kirudishe.