Nina laki nane, nataka kamera ya kupigia ndege Hombolo na Singida: D300 ya zamani au D3400?

Nkuhungu_Kwetu:
Wakuu habarini. Niko Dodoma, nimenogewa na picha za ndege ila natumia simu, na simu kwa ndege ni kazi bure, ukivuta tu yangeyange anageuka kadoti keupe. Bajeti laki nane, ikizidi sana tisa. Kuna jamaa anauza Nikon D300 na lenzi ya milimita 70-300 VR (yenye stebilaiza, yani kituliza mtikisiko), anasema ilikuwa ya mzungu wa mradi (wauzaji wote hadithi ni hiyo hiyo). Halafu kuna duka lina D3400 safi kabisa na lenzi yake ya 18-55. D300 ya 2007, megapikseli 12. D3400 ya 2016, megapikseli 24. Moyo unavutwa na hiyo mpya. Nataka kupiga bwawa la Hombolo, Singida kwa heroe, Mungu akijalia na hifadhi ya Ruaha. Mnanishaurije?

MzeeWaLenzi:
Mkuu anza na lenzi, bodi baadaye. Hiyo 18-55 haivuti mbali, utapigia harusi na kunguru wa uani kwako basi. 70-300 ukiifunga kwenye D300, kwa sensa yake ndogo inavuta kama milimita 450, hapo ndo unaanza kuona jicho la ndege. Megapikseli 12 unaprinti A3 bila aibu. Ina pointi 51 za fokasi (sehemu za kulengea picha itoke kali) na inapiga picha 6 kwa sekunde, enzi zake ilikuwa kamera ya watu wa kazi.

Kingine madukani hawakwambii, D300 ina mota ya fokasi ndani ya bodi, D3400 haina. Yani kesho ukiokota zile lenzi za zamani zenye herufi D, mfano 80-200 ya f/2.8 (inayoingiza mwanga mwingi), kwenye D300 inafokasi yenyewe, kwenye D3400 utazungusha kwa mkono na ndege keshaenda zake. Za AF-S zina mota yao humo humo, hizo zinakubali kote.

Ubaya wake giza. Ukipita ISO 1600 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga) picha inaanza chenga. Ila jua la Dodoma unalijua mwenyewe.

Binti_Iramba:
Kaka kabla hujatoa hela mwambie akutumie picha iliyopigwa na hiyo kamera, ila aitume kama dokumenti, sio picha ya kawaida, maana WhatsApp inafuta taarifa zote za ndani. Nikon inaandika humo shata (pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga picha) imepiga mara ngapi. Ya D300 ilipimwa kwa 150,000, ukikuta imeshapita hapo bei ishuke au uachane nayo. Lenzi imulike na tochi ya simu kwa nyuma, ukiona utando kama nyuzi za buibui ni fangasi, kimbia. Na inatumia kadi za CF zile pana, sio SD, kwahiyo akupe na kadi na kisomeo chake, usije ukaanza kuzunguka mji mzima unaulizia.

Maziwa ya Singidani na Kindai yako Singida mjini kabisa. Heroe wanafuata maji na chakula, leo wamejaa kesho weupe, uliza kwanza kabla hujapanda basi. Wahi alfajiri, saa nne ikishafika joto linapanda toka ardhini na picha za mbali zinayumba zote, hapo hata ungekuwa na lenzi ya mamilioni.

Sabasaba_Dom:
Mimi napingana kidogo. Canon 7D ya 2009 ni megapikseli 18 na picha 8 kwa sekunde, na mbele ya safari unaitafutia 400 ya f/5.6, lenzi ya toka 1993, haina stebilaiza lakini kwa ndege wanaoruka mpaka leo watu hawaiachi. Na kama ndege wako ni wa kukaa tu kwenye mti, Nikon P900 inavuta mpaka kama milimita 2000, hubebi lenzi wala nini. Akiruka tu umemkosa.

MzeeWaLenzi:
7D sina ubishi. Ila 400 kwa laki nane zake hizo ataisikia tu kwa watu. Aliyonayo mezani ni 70-300.

Nkuhungu_Kwetu:
Asanteni sana. Na Ruaha nibebe tripodi? Vumbi je?

Binti_Iramba:
Tripodi ya nini, kule hushuki kwenye gari hovyo. Shona mfuko, jaza maharage, laza dirishani lenzi ikae juu yake, na dereva azime injini la sivyo unapiga mtikisiko. Vumbi, lenzi usibadilishe vioo vya gari vikiwa wazi. Spidi ya shata 1/1000 ya sekunde kwenda juu kama mnyama anatembea.

Nkuhungu_Kwetu:
Jamaa kanitumia faili, shata 61,000 na kitu. Kashuka mpaka laki saba na nusu, kadi mbili juu, betri anasema "inakaa tu vizuri".

MzeeWaLenzi:
Betri ya umri huo usimwamini, iwashe hapo hapo upige picha hata mia mbili mbele yake. Ikilala, toa hamsini nyingine.